Mashapo ya Ziwa Victoria na Haja ya Umoja wa Wataalamu

Kila mwaka, mvua za kwanza zinyeshapo katika nchi inayolizunguka Ziwa Victoria, maji ya mito hubadilika rangi. Mto Simiyu, utokao upande wa nyika za Serengeti na kuingia katika Ghuba ya Speke karibu na Magu, hushuka ukiwa na rangi ya mashamba uliyoyapitia. Mto Mirongo, ukatao katikati ya jiji la Mwanza, hufanya vivyo hivyo, na juu ya udongo huongeza taka za mitaa. Wapitao darajani husema tu kwamba mvua imenyesha. Lakini kinachopita chini ya daraja si maji peke yake: ni shamba linalohama.

Makala haya yanaeleza mashapo ni kitu gani, yanasafiri kwa kanuni zipi, na kwa nini hakuna taaluma moja wala nchi moja iwezayo kuyasimamia peke yake. Hoja yetu ni kwamba kazi ya kuyapima na kuyadhibiti mashapo yahitaji umoja wa kudumu wa wataalamu, usiokufa pindi mradi unapomalizika.

Mashapo ni nini?

Katika lugha ya kawaida, mashapo ni kile kibakiacho chini ya chombo baada ya kinywaji kutulia. Katika sayansi, neno hili hujumlisha chembe zote za mchanga, tope, mfinyanzi na mabaki ya viumbe ambazo huchukuliwa na maji au upepo, na hatimaye kutua mahali fulani.

Safari ya chembe hizo hutegemea sana ukubwa wake. Mwaka 1851 mwanafizikia George Stokes alionyesha kwamba kasi ya chembe ndogo ya mviringo inayozama katika maji yaliyotulia hulingana na mraba wa kipenyo chake. Chembe ya mchanga mwembamba yenye kipenyo cha milimita 0.1 huzama mita moja kwa dakika mbili hivi. Chembe ya mfinyanzi yenye kipenyo cha milimita 0.001, yaani ndogo mara 100, huzama polepole zaidi mara 10,000. Itahitaji yapata majuma mawili kuteremka mita hiyo hiyo moja, nayo iwe katika maji yasiyotikiswa hata kidogo.

Matokeo yake ni mawili. Kwanza, mchanga hutua karibu na mlango wa mto, bali mfinyanzi husafiri mbali ziwani. Pili, chembe ndogo zina eneo kubwa la uso zikilinganishwa na uzito wake. Kwa hiyo hushikamana kwa urahisi na fosforasi ya mbolea, dawa za kuulia wadudu wa pamba na madini mazito kama zebaki. Chembe ya mfinyanzi ni kama mchukuzi: haifiki ziwani mikono mitupu.

Ziwa moja, nchi tano

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini sehemu yake yenye kina kirefu kuliko zote haizidi sana mita 80. Ni ziwa pana lisilo na kina kikubwa. Mwambao wake umegawanywa baina ya Tanzania, Uganda na Kenya, lakini bonde linalolilisha maji hufika pia Rwanda na Burundi.

Mto Kagera, ulio mkubwa kuliko mito yote iingiayo ziwani, hukusanya maji ya vilima vya Rwanda na Burundi, hupita Tanzania, kisha huingia ziwani katika ardhi ya Uganda. Mto Mara huanzia nyanda za juu za Mau nchini Kenya, na maji yake hulifikia ziwa upande wa Tanzania, karibu na Musoma. Hivyo mkulima wa nchi moja akipoteza udongo wake, mvuvi wa nchi nyingine ndiye aupokeaye. Hata hewa hushiriki katika uchukuzi huu: vipimo vilivyofanywa na watafiti vimeonyesha kwamba sehemu kubwa ya fosforasi ya ziwa huingia kwa njia ya vumbi na mvua.

Mema na mabaya yake

Si sahihi kuyaona mashapo kuwa ni uchafu mtupu. Mabonde yenye rutuba yamejengwa nayo. Mchanga wa kujengea nyumba ni mashapo, na samaki wengine hutaga katika sakafu ya mchanga. Zaidi ya hayo, mashapo ni daftari la historia. Watafiti waliotoboa sakafu ya ziwa kwa mirija mirefu wameona kwamba zaidi ya miaka 14,000 iliyopita ziwa hili lilikauka, kabisa au karibu kabisa, kisha likajaa upya. Tabaka za juu zaidi zaeleza habari za karibu: uchunguzi uliotangazwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba mwani ulianza kuongezeka tangu miaka ya 1930, na kwamba maji ya kina yalianza kupungukiwa na oksijeni mnamo miaka ya 1960.

Madhara huja pale kiasi kinapozidi. Malambo ya Usukuma hupungua kina kwa sababu ya tope, na mifugo hukosa maji wakati wa kiangazi. Mitambo ya kusafisha maji ya kunywa hulazimika kutumia shabu nyingi zaidi kuyatuliza maji machafu. Fosforasi iliyobebwa na udongo hulisha mwani. Mwani ukifa na kuoza, bakteria hutumia oksijeni ambayo samaki wangeivuta.

Mfano mmoja wa Mwanza wastahili kuelezwa kwa kirefu. Miongoni mwa samaki wadogo waitwao furu, yupo mmoja ambaye dume wake ana rangi nyekundu. Wanasayansi walimpa jina la nyererei mwaka 1985 kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Ndugu yake wa karibu ana dume wa rangi ya buluu. Jike humtambua dume wa aina yake kwa rangi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake, waliofanya utafiti katika maji ya Mwanza, walitangaza kwamba mahali ambapo maji yamepoteza uangavu, mwanga hautoshi kuzipambanua rangi hizo. Aina hizo mbili huchanganyika, na mpaka uliozitenga hufifia. Ni kweli kwamba sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, alimaliza furu wengi. Lakini ukungu wa maji nao huweza kuimaliza aina ya samaki bila kumuua samaki hata mmoja.

Maarifa yaliyotawanyika

Sasa tujiulize: nani anayajua mashapo? Bwana shamba anajua udongo uliopotea. Mhandisi anajua kina cha lambo kilichopungua. Mtaalamu wa maji anajua kiasi cha shabu alichotumia. Mtaalamu wa samaki anajua uangavu wa maji, na nahodha anajua gati ambalo meli haikaribii tena kwa urahisi. Kila mmoja ana kipande cha habari, lakini vipande hivyo aghalabu havikutani. Mmoja hupima miligramu katika lita, mwingine hupima uangavu kwa sentimita. Mmoja hupima wakati wa masika, mwenziwe wakati wa kiangazi. Tarakimu za namna hiyo hazilinganishiki, na pasipo kulinganisha hakuna sayansi.

Afrika Mashariki iliwahi kuwa na chombo cha pamoja cha kulichunguza ziwa. Mwaka 1947 Shirika la Utafiti wa Uvuvi la Afrika Mashariki lilianzishwa mjini Jinja, Uganda. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kazi hiyo iligawanyika. Tanzania ikaunda Taasisi yake ya Utafiti wa Uvuvi mwaka 1980. Ziwa lilibaki moja, lakini madaftari yakawa matatu.

Ushirikiano ulirejea hatua kwa hatua. Mwaka 1994 nchi tatu za mwambao zilikubaliana kuunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao Jinja, na kuwa na mradi wa pamoja wa hifadhi ya mazingira ya ziwa, ulioanza kazi mwaka 1997. Mwaka 2003, chini ya Jumuiya mpya, ulitiwa saini mkataba wa maendeleo endelevu ya bonde la ziwa, uliozaa Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria yenye makao Kisumu. Kwa upana wa Nile nzima, mtandao wa wataalamu wa uhandisi wa mito uliundwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukiwa na makao Cairo. Makundi yake ya utafiti yaligawanywa kwa nchi, likiwamo kundi la maumbile ya mito na mashapo lililoratibiwa kutoka Sudan.

Mfano wa Ulaya

Yafaa kutazama jinsi wengine walivyolikabili tatizo hili. Mto Rhine huanzia Uswisi na kupita nchi kadhaa kabla ya kufika bahari upande wa Uholanzi. Bandari ya Rotterdam, iliyo mwishoni mwa mto, ilijikuta ikichimbua kila mwaka tope lenye sumu ya viwanda vilivyo mbali juu ya mto. Mwaka 1987 Waholanzi walifungua shimo kubwa liitwalo Slufter ili kulihifadhi tope lililochafuka mno. Lakini walielewa kwamba shimo si dawa. Ilibidi kuzungumza na wachafuzi wenyewe.

Kutokana na mambo kama hayo, mwaka 2002 ulianzishwa mtandao wa mashapo wa Ulaya uitwao SedNet. Uliwaleta pamoja watafiti, wasimamizi wa mito, wakuu wa bandari na watunga sera. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba sheria kuu ya maji ya Ulaya ya mwaka 2000 ilisema machache mno juu ya mashapo. Miaka ya kwanza mtandao huo ulilipiwa na Halmashauri ya Ulaya, na fedha hizo zilikoma mwishoni mwa mwaka 2004. Hapo ndipo penye funzo: mtandao haukufa. Taasisi wanachama ziliendelea kuuchangia, makundi ya kazi yakaendelea, na mikutano mikubwa ikafanyika katika miji kama Hamburg, Lisbon na Krakow. Uliishi kwa sababu wanachama waliona faida ya kukutana kuliko gharama yake.

Njia ya kufuata

Hatuna haja ya kunakili Ulaya. Bonde letu ni la wakulima na wafugaji, na historia yetu ina maonyo yake. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wasukuma kwa sheria ndogo kufuata kanuni za hifadhi ya udongo na kupunguza mifugo. Watu walizichukia, na mpango ukaanguka. Kinyume chake, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulifufua desturi ya wenyeji ya ngitili, yaani kutenga malisho ili yapumzike, na miti ikarudi katika maelfu ya hekta.

Umoja wa wataalamu wa mashapo katika bonde letu, basi, wafaa kujengwa juu ya misingi minne:

(a) Njia moja ya kupima, yenye vipimo na majira yanayofanana katika nchi zote tano.

(b) Daftari moja la takwimu, lililo wazi kwa kila taasisi mwanachama.

(c) Michango ya taasisi zenyewe, hata ikiwa midogo, ili kazi isitegemee mfadhili peke yake.

(d) Nafasi ya wakulima, wavuvi na wachimbaji wadogo wa dhahabu katika mazungumzo, kwani wao ndio walio karibu na chanzo.

Kazi kwa shule

Shule za mwambao zaweza kuanza leo. Mwaka 1865 Angelo Secchi, padri na mwanafalaki wa Italia, alipima uangavu wa maji kwa sahani nyeupe. Kwa maziwa, sahani yenye kipenyo cha sentimita 20 yatosha. Mfuniko wa kopo uliopakwa rangi utafaa. Funga uzito chini yake, iteremshe kwa kamba yenye alama, na andika kina ambapo haionekani tena. Kazi hii ifanyike gatini mbele ya mwalimu, na wanafunzi wasiingie majini kwa sababu ya kichocho na mamba.

Kwa mto, chukua lita moja ya maji, yachuje kwa karatasi ya chujio iliyopimwa uzito, ikaushe, kisha ipime tena. Tuchukulie kwamba umepata miligramu 500, na mto unapitisha mita za ujazo 20 kwa sekunde. Mita moja ya ujazo ina lita 1,000; kwa hiyo ina nusu kilo ya mashapo. Mto huo wachukua kilo 10 kila sekunde, yaani tani 36 kwa saa, zaidi ya shehena ya malori matano ya tani saba.

Andika tarehe, saa, mahali na hali ya mvua; rudia kila juma, pahali pale pale, kwa njia ile ile. Kipimo kimoja ni habari tu. Vipimo vya miaka mitano, vikiwekwa kando ya vile vya shule ya Bukoba, Musoma au Kisumu, vitakuwa elimu ambayo hata mtafiti wa chuo kikuu atakuja kuiomba.