Nyaraka za maktaba ya programu

Nyaraka za maktaba ya programu ni maandishi yanayoeleza jinsi ya kutumia maktaba hiyo: amri zilizomo, data ambayo kila amri inahitaji, jibu inalotoa na makosa yanayoweza kutokea. Katika taaluma ya kompyuta, maktaba ni mkusanyo wa msimbo uliokwisha kuandikwa ili watengenezaji wa programu wautumie bila kuanza upya. Kwa kuwa maktaba hubadilika toleo hadi toleo, nyaraka huwa sahihi kwa matoleo fulani tu.

Jinsi nyaraka zinavyopitwa na wakati

Maktaba ya pandas, inayotumika kuchambua data kwa lugha ya Python, ilikuwa na amri "append" ya kuongeza mistari katika jedwali. Toleo la 1.4 (2022) lilianza kutoa onyo kwamba amri hiyo itaondolewa, na watumiaji wakashauriwa kutumia "concat". Toleo la 2.0 (2023) likaiondoa. Anayefuata maelezo ya zamani katika toleo jipya hupata ujumbe wa kosa, hivyo hutambua tatizo mara moja.

Mabadiliko yasiyotoa ujumbe ni hatari zaidi. Katika Python 2, hesabu ya 7/2 ilitoa 3, kwa sababu namba kamili ziligawanywa bila desimali. Katika Python 3, iliyotolewa mwaka 2008, hesabu hiyohiyo hutoa 3.5. Programu ya kutafuta wastani wa alama inaweza kuendelea kufanya kazi katika matoleo yote mawili huku ikitoa majibu tofauti.

Mbinu za kutunza usahihi

- Kutenganisha matoleo: tovuti ya nyaraka za Python huhifadhi kurasa za kila toleo, na msomaji huchagua toleo analotumia.
- Kuweka alama za toleo: Sphinx, programu iliyotengenezwa na Georg Brandl kwa ajili ya nyaraka za Python, ina alama kama "versionadded", "versionchanged" na "deprecated". Alama hizi huonyesha ni toleo lipi lililoongeza amri, lililoibadilisha au lililoanza kuiacha. Katika Java, Javadoc hutumia "@since" na "@deprecated".
- Kujaribu mifano: doctest, iliyoandikwa na Tim Peters na kuingizwa katika Python 2.1 mwaka 2001, huendesha mifano iliyomo katika nyaraka na kulinganisha majibu na yale yaliyoandikwa. Lugha ya Rust pia hujaribu mifano ya nyaraka pamoja na majaribio mengine ya msimbo.

Mipaka ya mbinu hizi

Doctest hugundua mfano ambao jibu lake limebadilika, lakini haisomi sentensi zinazouzunguka. Maelezo yakidai kwamba amri haibadilishi data ya mwanzo, na msimbo ukaanza kuibadilisha, jaribio linaweza kupita bado ikiwa mfano haugusi jambo hilo. Kwa hiyo miradi mingi humtaka anayebadilisha msimbo arekebishe pia maelezo yake wakati huohuo, na mtu mwingine ayapitie yote mawili kabla ya kukubaliwa.

Kwa upande wa msomaji, hatua ya kwanza ni kujua toleo lililopo katika kompyuta yake. Katika Python, kwa mfano, amri "pip show pandas" huonyesha namba ya toleo, ambayo hulinganishwa na ile iliyoandikwa katika ukurasa wa nyaraka.