Gari la Kasi na Gunia la Mkulima

Wako wanaodhani kwamba ufundi wa magari ya kifahari ya Uingereza haumhusu hata kidogo mkulima wa vitunguu wa Singida. Dhana hiyo yafaa kuchunguzwa upya.

Kampuni ya McLaren, iliyoasisiwa mwaka 1963 na dereva wa New Zealand, Bruce McLaren, iliingiza katika mashindano ya mwaka 1981 gari lenye kiunzi cha nyuzi za kaboni, kilicho chepesi na imara kuliko cha alumini. Mwaka 1992 ikazindua gari la barabarani liitwalo F1. Mbunifu wake, Gordon Murray, mzaliwa wa Durban, Afrika Kusini, alimweka dereva katikati na abiria wawili ubavuni, akapunguza uzito wa kila kifaa. Mwaka 1998 gari hilo lilifikia mwendo wa kilomita 386 kwa saa. Yalitengenezwa 106 tu, nayo yakanunuliwa na matajiri.

Murray huyo huyo aliombwa baadaye na Mwingereza Torquil Norman abuni lori la vijiji vya Afrika. Kanuni yake haikubadilika: wepesi kwanza. Lori hilo, OX, lilionyeshwa hadharani mwaka 2016. Liliundwa kubeba kilo 1,900, mzigo unaozidi uzito wake lenyewe. Vipande vyake hufungashwa bapa, na malori sita huingia katika kontena moja. Dereva yuko katikati tena, ili gari lifae nchi zinazoendesha kushoto na zinazoendesha kulia. Likikwama matopeni, mabenchi yake hung'olewa na kutandikwa chini ya magurudumu. Malori ya jina hilo yamepata kubeba mazao ya wakulima wadogo nchini Rwanda.

Je, sisi twajifunza nini? Mkoa wetu una barabara kuu ya lami, lakini alizeti na vitunguu havilimwi juu ya lami. Vyatoka mashambani Iramba, Mkalama na Ikungi, kwa njia ambazo masika huzigeuza tope. Gunia lisilo na usafiri huanza kuoza, na hapo mlanguzi ndiye apangaye bei. Jasho la mwaka mzima hupotea katika kilomita chache za mwisho.

Si lazima tungojee lori la Murray. Taifa letu lina Shirika la Nyumbu huko Kibaha, lililoundwa kwa kazi ya kubuni magari, na vyuo vya ufundi vimo mikoani. Vijana wa vyuo hivyo hawana budi kupewa swali lile lile alilopewa Murray: gari lipi, kwa gharama ipi, litatoa gunia shambani wakati wa mvua? Halmashauri nazo zitie mkono kwa kuyajaribu watakayoyaunda katika njia zetu wenyewe. Wenye F1 walijipatia kasi. Mkulima wetu anadai jambo dogo zaidi, kwamba mazao yake yafike sokoni kabla hayajaoza.