Uingereza: Mafundi wa viatu vya farasi wanapokuwa watafiti na walimu

Kumvisha farasi viatu vya chuma ni miongoni mwa kazi kongwe za mikono barani Ulaya, na kwa karne nyingi maarifa yake yalirithishwa kwa kutazama na kutenda. Nchini Uingereza, baadhi ya mafundi wa kazi hiyo sasa wanaugawa wakati wao baina ya fuawe, maabara na darasa. Swali wanalolitafutia jibu ni jepesi kulitamka: je, mazoea waliyoyapokea kutoka kwa waliowatangulia yanamsaidia farasi, au yanamwumiza polepole?

Kwa nini farasi huvishwa viatu?

Ukwato wa farasi hukua mfululizo, kiasi cha milimita 6 hadi 10 kwa mwezi. Kwa mnyama anayetembea huru, ardhi huusugua na kuupunguza kadiri unavyokua. Farasi anayebeba mtu juu ya barabara ngumu, au anayefanyishwa mazoezi ya mbio kila siku, huweza kuumaliza ukwato wake upesi kuliko unavyoota. Kiatu cha chuma huzuia hilo, lakini nacho huleta tatizo jingine: ukwato uliofunikwa hauliki tena, bali hurefuka na kubadili namna mguu unavyokanyaga. Ndiyo maana kiatu hung'olewa, ukwato ukapunguzwa na kiatu kikapigiliwa upya, kwa kawaida kila baada ya wiki 5 hadi 8.

Kazi hiyo haina nafasi kubwa ya kukosea. Msumari hupita katika ukuta wa nje wa ukwato, ambao hauna hisia kama ilivyo kucha ya mwanadamu, lakini milimita chache ndani yake kuna nyama hai na mfupa ulioshikiliwa na matabaka membamba mno. Farasi wa mbio huwa na uzito wa takriban kilo 500, na anapokwenda kwa kasi kubwa, mguu mmoja hubeba kwa sehemu ya sekunde zaidi ya mara mbili ya uzito huo. Kisigino kilichoachwa chini mno huongeza mzigo kwenye kano na mfupa mdogo ulio nyuma ya ukwato, na mnyama huweza kuanza kuchechemea miezi kadhaa baadaye, wakati ambapo hakuna tena anayekumbuka siku aliyovishwa viatu.

Ufundi unaolindwa na sheria

Chama cha mafundi hao jijini London kina asili yake katika mwaka 1356, na kilipata hati ya kifalme mwaka 1674. Hata hivyo, ulinzi wa kisheria ulikuja baadaye sana. Sheria ya Usajili wa Mafundi wa Viatu vya Farasi ya mwaka 1975 ilitungwa kwa lengo la kuwaepusha farasi na mateso yanayosababishwa na watu wasio na ujuzi. Chini ya sheria hiyo, kumvisha farasi kiatu bila kusajiliwa ni kosa la jinai, isipokuwa kwa makundi machache, wakiwemo madaktari wa mifugo, wanagenzi walio mafunzoni na mtu anayetoa huduma ya kwanza kwa dharura.

Uanagenzi huchukua takriban miaka 4. Mwanagenzi hufanya kazi chini ya fundi aliyeidhinishwa kufundisha, na kwa vipindi maalumu huenda chuoni kusoma muundo wa mwili wa farasi, magonjwa ya ukwato na uhunzi wenyewe. Akifaulu hupata stashahada, na anayetaka kuendelea ana madaraja mengine mawili ya juu mbele yake. Kwa hiyo ualimu si jambo geni katika kazi hii. Karakana nyingi ni darasa pia. Jambo jipya ni utafiti.

Kutoka fuawe hadi maabara

Chuo cha Royal Veterinary College, ambacho chimbuko lake ni mwaka 1791, kilianzisha masomo ya stashahada ya juu kuhusu utafiti wa mwendo wa farasi, yakilengwa kwa mafundi hawa. Hujifunza kuuliza swali linalopimika, kukusanya takwimu, kuzichambua na kuyaandika matokeo ili wengine wayahoji. Vifaa vyao ni mabamba yanayopima nguvu ya hatua, kamera zinazonasa picha nyingi kwa sekunde, na vitambuzi vidogo vinavyofungwa kichwani na kiunoni mwa farasi. Vitambuzi hivyo ni muhimu kwa kuwa jicho la mwanadamu, hata la mzoefu, hushindwa kuona tofauti ndogo baina ya mguu wa kulia na wa kushoto.

Mfano unaojulikana sana ni wa Simon Curtis, fundi kutoka Newmarket, mji ulio kitovu cha mbio za farasi nchini humo. Baada ya miaka mingi ya kazi na uandishi wa vitabu vya ufundi huo, alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Central Lancashire, akichunguza jinsi ukwato wa mtoto wa farasi unavyokua na jinsi uzito unaoubeba unavyoathiri umbo lake. Suala hilo si la kinadharia tu. Miguu inayopinda huweza kurekebishwa katika miezi ya mwanzo ya maisha, na nafasi hiyo ikipita hairudi.

Daktari wa mifugo ana picha za eksirei na dawa, lakini mara nyingi humwona farasi akiwa tayari ameumia. Fundi humwona farasi yule yule kila baada ya wiki chache, mgonjwa au mzima, kwa miaka. Maswali yanayotokana na mazoea hayo ni vigumu kuzaliwa maabara. Jifya moja haliinjiki chungu.

Kikwazo kikubwa ni riziki. Wengi wa mafundi hawa wamejiajiri na hulipwa kwa kila farasi wanayemhudumia. Siku moja inayotumika kupima hatua au kuandika ripoti ni siku isiyo na malipo. Aidha, farasi wanaopatikana kwa utafiti wa fundi mmoja huwa wachache, na matokeo ya kundi dogo hayatoshi kuamua jambo kwa farasi wote.

Nje ya Uingereza

Nchini Marekani hakuna leseni ya kitaifa ya kazi hii, ila mafunzo yake katika kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Cornell yalianza mapema katika karne ya 20. Afrika Mashariki farasi ni wachache, wakiwemo wale wa mbio za Ngong jijini Nairobi. Mbebaji mizigo wa kweli ni punda, ambaye kwa kawaida havishwi viatu. Ukwato wake, hata hivyo, nao hukua na kuhitaji kukatwa kwa ustadi, na ndiyo sababu huduma ya kwato ni sehemu ya tiba ya punda katika maeneo kama Lamu.

Nchini Uingereza kwenyewe sheria ya 1975 ina mwanya: inahusu kuuandaa ukwato kwa ajili ya kuvishwa kiatu papo hapo na kukifunga, si kuukata ukwato wa farasi atakayebaki bila viatu. Wamiliki wanaoacha kuwavisha farasi wao viatu wanaweza kumwita mtu yeyote kwa kazi hiyo. Mjadala baina ya pande hizo mbili umekuwa mkali, na kwa muda mrefu uliendeshwa kwa ushuhuda wa mtu mmoja mmoja. Vipimo vya mafundi watafiti huenda visiumalize, lakini vinawapa wanaobishana kitu cha kukipima.