Kalamu ya Wino ya Bei Nafuu, Kutoka Ziwani Hadi Milimani

Ubora wa kalamu ya wino, yaani ile inayojazwa wino wa maji na kuuteremsha hadi kwenye nibu yenye mpasuko, hautokani na dhahabu ya nibu hiyo, bali na wembamba wa mpasuko, ugumu wa kitone kinachogusa karatasi na jinsi kifuniko kinavyoziba. Mambo mawili ya kwanza hupatikana leo hata katika kalamu za bei ya chini.

Wino husafiri kwa unyweleo, ambao ni tabia ya kimiminika kupenya katika nafasi nyembamba kwa kuvutwa na kuta zake, lakini wino unaotoka sharti nafasi yake ichukuliwe na hewa, la sivyo hukwama. Mfereji unaopitisha wino na hewa kwa pamoja, ambao Lewis Waterman aliupatia hataza nchini Marekani mwaka 1884, sasa hufinyangwa kwa plastiki kwa gharama ndogo sana. Dhahabu nayo ilikuwa na sababu yake: wino wa zamani, uliochanganywa kwa tanini na chumvi ya chuma, una asidi iliyokula nibu za chuma cha kawaida. Baada ya chuma kisichoshika kutu kuanza kutengenezwa mjini Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, sababu hiyo ilipungua mno, ingawa ni haki kukiri kwamba dhahabu hunesa kwa ulaini ambao wapenzi wa hati huuthamini.

Mkoani Ruvuma, Tanzania, kalamu hupata mtihani wa kweli. Chiwanda iko kando ya Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, ilhali mji wa Mbinga uko zaidi ya mita 1,300, kwa hiyo mwalimu anayepanda kutoka ziwani hadi Mbinga, kalamu ikiwa mfukoni mwa shati, huacha nyuma karibu sehemu moja ya kumi ya kanieneo ya hewa. Kwa kanuni ya Boyle, hewa iliyofungiwa ndani ya kalamu hutanuka kwa kiasi kinachokaribia hicho. Ikiwa ni nusu mililita, husukuma nje takriban tone moja la wino. Mapezi membamba yaliyo chini ya nibu huwekwa ili kulizuia tone hilo, na yakiwa machache, kifuniko hujaa wino. Kalamu ya bei kubwa hufuata kanuni ileile, na kinga ya zote ni kuzijaza kabisa kabla ya safari, au kuzibeba nibu zikiwa juu.

Kifuniko ndipo urahisi wa bei unapodhuru, kwa kuwa joto la ufukweni hukausha wino penye upenyo mdogo tu. Hata hivyo, Platinum Preppy ya Japani, kalamu ya plastiki ya bei ndogo, ina kifuniko cha ndani kinachokandamizwa na springi, nayo inastahili sifa kuliko nyingi zilizopakwa rangi ya dhahabu.

Kwa daftari la mwaloni, yaani mahali pa kushushia samaki, ambako mikono ina maji, peni ya kawaida yenye wino wa mafuta inafaa zaidi, kwani wino mwingi wa chupa huyeyuka ukilowa. Kwa madaftari ya shule, chupa ya mililita 50 hujaza kalamu yenye tumbo la mililita moja mara 50, na mwili wa kalamu hautupwi.