Shahada ya isimu: Tusiwafiche vijana bei yake

Mzee mmoja mvuvi alinisimamisha ufuoni Dunga, nje kidogo ya mji wa Kisumu, akaniuliza swali ambalo limenikosesha raha tangu siku hiyo. "Mwalimu," alisema, "kijana wangu ameitwa chuo kikuu kusomea isimu. Akimaliza, nani atamlipa mshahara?"

Nilitaka kumpa majibu tuliyoyazoea sisi walimu: kwamba lugha ni uti wa mgongo wa utamaduni, kwamba elimu ni mwanga. Nikajizuia. Mzee hakuwa ameniuliza habari za mwanga. Aliuliza habari za karo, ambayo ataikusanya mbuta kwa mbuta, usiku baada ya usiku, katika ziwa ambalo samaki wake wanazidi kuadimika. Mtu wa namna hiyo anastahili kujibiwa kweli, hata kama kweli ni chungu.

Kweli ya kwanza ni kuwa kwa miaka mingi shahada za lugha katika nchi hii zilikuwa na mnunuzi mmoja mkubwa, naye ni Serikali kupitia Tume ya Huduma za Walimu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za upili, na walimu wake wakahitajika kila pembe. Lakini mwaka wa 1998 Serikali ilisitisha utaratibu wa kuwaajiri walimu moja kwa moja baada ya kuhitimu. Tangu hapo mwalimu mwenye sifa zote husubiri zamu yake, na aghalabu husubiri miaka.

Ikiwa hiyo ndiyo hali ya mwalimu, mwanaisimu je? Katika shule ya upili hakuna somo liitwalo isimu. Tume humsajili mtu aliyepata mafunzo ya ualimu na mwenye masomo mawili yanayofundishwa shuleni. Aliyesoma isimu bila elimu ya ualimu hana budi kurudi chuoni kutafuta stashahada ya uzamili katika elimu, yaani muda mwingine na karo nyingine. Hata hivyo, stashahada hiyo itamfaa tu iwapo shahada yake ya kwanza inabeba masomo hayo mawili. Ni wanafunzi wangapi huelezwa jambo hili kabla ya kujaza fomu? Wengi huligundua wakiwa tayari wamevaa joho.

Kweli ya pili ni kuwa kazi ya mwanaisimu ipo, tena ipo papa hapa kandokando ya ziwa. Chuo Kikuu cha Maseno, kilichoanza mwaka wa 1990 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi na kuwa chuo kikuu kamili mwaka wa 2001, kimetupa mfano ulio wazi. Wataalamu wake, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Africa Nazarene, walikusanya hazina ya lugha iitwayo Kencorpus, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 2022. Ina maneno yapatayo milioni 5.6 na saa 177 za sauti za watu wakizungumza Kiswahili, Kidholuo na lahaja tatu za Kiluhya. Hazina kama hiyo ndiyo inayowezesha mashine kutafsiri na kutambua usemi.

Mtu anaweza kudhani kazi hiyo yamtosha fundi wa tarakilishi. La hasha! Kidholuo huandikwa kwa herufi tano za irabu, lakini sauti zake za irabu ni tisa, kwa sababu kila moja ya herufi nne kati ya hizo hubeba sauti mbili. Toni nayo hutofautisha maana, wala haiandikwi. Mashine itajuaje tofauti ambayo jicho haliioni? Sharti awepo aliyesoma fonolojia. Somo lile ambalo wanafunzi hulilalamikia darasani ndilo linalotafutwa na kampuni kubwa za dunia, ambazo mwezi Juni mwaka wa 2024 zilishuhudia Google ikikiongeza Kidholuo katika programu yake ya kutafsiri.

Hata hivyo, tusimpake mzee mafuta kwa mgongo wa chupa. Kazi nyingi za namna hii ni vibarua. Mfasiri hulipwa kwa idadi ya maneno, na anayenakili sauti hulipwa kwa dakika. Mradi ukiisha, malipo nayo huisha, na hakuna pensheni.

Basi ni nini kinachoigeuza taaluma ya lugha kuwa riziki ya kudumu? Tazama Lugha ya Ishara ya Kenya. Marehemu Profesa Okoth Okombo, mwanaisimu aliyekichambua Kidholuo kitaalamu, aliongoza utafiti wa lugha hiyo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kazi iliyoanza katika miaka ya 1990. Katiba ya mwaka wa 2010 ikaja kuitaja kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Utafiti ulitangulia, sheria ikafuata, na leo mkalimani wa lugha ya ishara ana mahali pa kufanyia kazi.

Katiba hiyo hiyo inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya kupata mkalimani bila malipo. Aghalabu kazi hiyo humwangukia karani wa mahakama ambaye hakuifunzwa. Hospitalini, muuguzi humwomba mtoto wa mgonjwa amfasirie maneno ya daktari. Haja ipo, kilichokosekana ni nafasi iliyotengewa mshahara. Serikali za kaunti zinazopakana na ziwa zina uwezo wa kuanza na mfasiri mmoja katika kila hospitali kuu.

Wapo pia wasiongoja kuajiriwa. Marehemu Asenath Bole Odaga alianzisha kampuni ya uchapishaji mjini Kisumu mwaka wa 1982, akaandika na kuchapisha vitabu vya Kidholuo na kamusi. Aliifanya lugha ya mama kuwa bidhaa ya kuuzwa dukani.

Nilimjibu mzee hivi: isimu ni mtumbwi, utamfikisha kijana wako penye samaki, lakini bila wavu atarudi mikono mitupu. Wavu ni ujuzi wa pili: ualimu, tarakilishi, sheria, lugha ya ishara au uandishi wa habari. Na aufume akiwa bado chuoni.

Nasi walimu tuna wajibu wetu. Kabla mwanafunzi hajachagua kozi, tumweleze kwa lugha nyepesi ni nani anayeajiri wahitimu wake, masharti ya usajili ni yapi, na vibarua vyake hulipwaje. Vyuo vikuu navyo vichapishe mambo hayo kando ya jina la kila kozi. Atakayechagua isimu baada ya kuyajua hayo atakuwa amechagua kwa hiari, na mzazi wake hatakuwa na sababu ya kusema alidanganywa.