Yuniti Moja, Ndoo 120 za Maji

Je, wajua kwamba umeme unaowasha taa ya sebuleni Korogwe haujasafiri kutoka popote, kwa namna wengi wetu tunavyodhani? Ndani ya waya wa shaba, chembe ziitwazo elektroni huyumba huku na huko mara 50 kwa sekunde, na kwa taa ya kawaida hazisogei hata sehemu moja ya elfu ya milimita kabla ya kugeuka na kurudi. Elektroni zilizo kwenye swichi yako zilikuwamo humo tangu waya ulipotoka kiwandani. Kinachofika nyumbani ni msukumo, na msukumo huo hutiwa kwa pamoja na kila mtambo uliounganishwa na Gridi ya Taifa wakati huo: maji ya Hale, maji ya Rufiji, gesi ya Kinyerezi, yote yakienda kwa mwendo mmoja. Mita ya LUKU ukutani haina namna ya kujua msukumo upi umetoka wapi. Mtu akisema anataka umeme wa maji tu nyumbani kwake, wa gesi hautaki, hakuna fundi duniani atakayemchambulia.

Hata hivyo, katika nchi nyingi yapo mashirika ya umeme yanayouza uchaguzi huo. Mteja analipa zaidi kidogo kwa kila yuniti, naye anaahidiwa kwamba umeme wake ni wa jua, upepo au maji. Uchambuzi unafanyika kwenye vitabu vya hesabu: kwa kila yuniti aliyotumia mteja, shirika linaonyesha cheti kwamba mahali fulani yuniti kama hiyo ilizalishwa bila kuchoma kitu. Si utapeli, lakini si ushahidi wa jambo kubwa pia. Tazama Iceland, kisiwa kinachopata karibu umeme wake wote kutokana na maji na joto la ardhini, na ambacho hakina waya hata mmoja wa umeme unaokiunganisha na bara la Ulaya. Wazalishaji wake waliuza vyeti vyao kwa wateja wa ng'ambo, na kwa kuwa cheti kimoja hakiwezi kuhesabiwa mara mbili, takwimu rasmi za Iceland zikaanza kuonyesha kwamba sehemu ya umeme wa wananchi inatokana na nyuklia na makaa ya mawe. Mtu anaishi juu ya chemchemi ya maji moto, na karatasi inamwambia anatumia nyuklia!

Linganisha na Schönau, mji mdogo wa watu kama 2,500 kusini mwa Ujerumani. Baada ya ajali ya Chernobyl mwaka 1986, wakazi wake walijipanga, wakashinda kura mbili za maoni, na mwaka 1997 wakaununua mtandao wa nyaya za mji wao. Siku hizi ushirika wao unauza umeme nchi nzima, na ndani ya bei ya kila yuniti kuna senti inayowekwa kando kwa ajili ya kujenga mitambo mipya. Tofauti yao na Iceland ndiyo kipimo ninachotaka tukitumie. Swali la kumuuliza anayekuuzia umeme safi ni hili: fedha yangu ya ziada itajenga nini ambacho bila hiyo kisingejengwa? Kama jibu ni kwamba itamlipa mwenye bwawa lililokuwepo tangu enzi za babu, umenunua karatasi.

Sasa tukipeleke kipimo hicho Korogwe na Handeni, ambako umeme unasambazwa na shirika moja tu, TANESCO, na ambako hakuna aliyewahi kuulizwa anataka umeme wa aina gani. Jambo la ajabu ni kwamba watu wa huku walianza na umeme safi kabla neno hilo halijazuka. TANESCO yenyewe, iliyoanzishwa mwaka 1931, ilikulia kwenye maporomoko ya Pangani, ikihudumia mji wa Tanga na mashamba ya mkonge. Mwaka 1964 ukaja mtambo wa Hale, ndani ya wilaya ya Korogwe, wenye uwezo wa megawati 21. Kisha Nyumba ya Mungu huko juu, megawati 8. Mwaka 1995, kwa msaada wa Norwei, Sweden na Finland, ukazinduliwa mtambo mpya wa Maporomoko ya Pangani wenye megawati 68. Maji ni yaleyale: yanatoka Kilimanjaro na Meru, yanapumzika Nyumba ya Mungu, yanapita Korogwe, yanafua umeme Hale, halafu kilometa chache mbele yanafua tena kabla ya kwenda baharini.

Tuipime basi yuniti moja kwa maji hayo. Tani moja ya maji, yaani lita 1,000, ikishuka mita zipatazo 170 kwenye mtambo mpya wa Pangani, nasi tukihesabu kwamba mashine inanasa tisa ya kumi ya nguvu yake, inatoa takriban yuniti 0.42. Kwa hiyo yuniti moja inadai lita 2,400, au ndoo 120 za lita 20. Kule Hale, ambako mteremko ni mita kama 70, yuniti hiyohiyo inahitaji ndoo karibu 290. Kwa mtu wa Handeni, wilaya ambayo ndoo ya maji imekuwa ikipangiwa foleni kwa miongo mingi, hesabu hii inauma kidogo, hasa ukikumbuka kwamba maji ya mradi wa bomba kuu la Handeni (HTM) yanachotwa mto huohuo upande wa Korogwe na kusukumwa kwa pampu za umeme hadi mjini Handeni, ambao uko juu zaidi. Kuipandisha tani moja ya maji hadi Handeni kunakula umeme mwingi kuliko ule ambao tani hiyo ingezalisha kama ingeachwa ishuke Pangani. Mto unailisha Handeni kwa upande mmoja na kuidai kwa upande mwingine, na bei ya ndoo inabeba ndani yake bei ya yuniti.

Ukiacha mto huu, gridi nzima nayo imegeuka. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lilianza kujazwa maji Desemba 2022, mashine ya kwanza ikawashwa mapema mwaka 2024, na mwaka uliofuata mashine zote tisa zikawa zimekamilika, kila moja megawati 235, jumla 2,115. Uwezo huo unazidi mahitaji ya juu kabisa ya nchi nzima ya miaka michache tu kabla yake. Kama kesho TANESCO ingefungua dirisha la wateja wanaotaka kulipia umeme wa maji, mtu wa Kwamsisi au Mombo angelipia kitu ambacho tayari kinampitia ukutani, na ambacho serikali imeshakigharamia. Kwa kipimo chetu, hiyo ni Iceland tupu. Ndiyo maana sioni hasara kubwa kwa kukosa mpango wa namna hiyo.

Atakayepinga atasema: unasifia maji, umesahau mgawo? Hajakosea. Oktoba 2015 mitambo yote ya maji nchini ilizimwa kwa sababu mabwawa yalikuwa yamekauka kupita kiasi, na mwishoni mwa 2022 mgawo ulirudi. Nyakati hizo gesi ya Songo Songo na Mtwara ndiyo iliyobeba mzigo, na yeyote anayedhani gridi yetu inaweza kuishi bila gesi ajaribu kuendesha hospitali kwa maji ya mwezi wa kumi wa mwaka wa ukame. Lakini pingamizi hili linaimarisha hoja yangu. Umeme wa maji unapopungua, cheti hakiongezi hata tone bwawani. Kinachosaidia ni kuwa na vyanzo vya aina nyingine ambavyo havisubiri mvua. Ndiyo maana sola ya Kishapu, Shinyanga, inayojengwa kufikia megawati 150, ina uzito unaozidi ukubwa wake: jua la kiangazi ndilo linalokausha bwawa, na jua hilohilo ndilo linalozalisha.

Mwingine atasema mabwawa yenyewe si safi. Naye ana lake. Maji ya Pangani yanagombewa na wakulima wa mifereji wa Kilimanjaro na Upare, wafugaji wa bondeni, mashamba makubwa na mitambo. Na maji matamu yanapopungua, chumvi ya bahari inapanda mdomoni mwa mto karibu na mji wa Pangani, ambako minazi na wavuvi ndio wa kwanza kujua. Ofisi ya maji ya bonde la Pangani ilianzishwa mwaka 1991 kwa sababu ugomvi ulikuwa umeshakuwepo. Anayeita umeme huu safi anapaswa kukumbuka kwamba ndoo zile 120 zilikuwa na watu wengine waliozihitaji kwanza.

Je, mtu wa kawaida hana cha kuchagua basi? Anacho, na kiko jikoni. Handeni imekuwa ghala la mkaa wa Tanga na Dar es Salaam kwa muda mrefu. Magunia yaliyofungwa kwa kamba na kuchomekwa majani mdomoni, yakipangwa kandoni mwa barabara, hayahitaji kuelezwa kwa yeyote aliyepita huko. Tanuru la udongo la kienyeji linakula kilo tano hadi kumi za kuni kutoa kilo moja ya mkaa. Sehemu kubwa ya mti inaishia moshi kabla sufuria haijainjikwa. Hapa ndipo yuniti inapoongeza kitu ambacho bila hiyo kisingekuwepo. Kilo moja ya maharage ndani ya jiko la umeme la presha, lile lenye kifuniko kinachojifunga na kujizima lenyewe, mara nyingi inaiva bila kumaliza yuniti nzima. Maharage hayohayo kwenye sahani ya kawaida ya umeme, ile ya koili nyekundu, yanaweza kula mara kadhaa ya hapo, na huko ndiko ilikotoka sifa mbaya kwamba umeme unafilisi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Lengo ni kubwa. Sidhani litafikiwa kwa mitungi ya gesi ya ruzuku peke yake, kwa sababu mtungi ukiisha kabla ya mwezi kuisha, mkaa bado unauzwa kwa kopo.

Bei, basi. Kwa mpangilio wa bei wa 2016, mteja wa nyumbani anayetumia yuniti zisizozidi 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa yuniti kabla ya kodi. Akizidisha, kila ya ziada ni 350. Mteja huyo wa daraja la chini akinunua umeme wa 1,000 hupata yuniti nane na kidogo. Nyumba ya vijijini yenye taa nne, redio, simu na televisheni ndogo inaacha nafasi ya kutosha chini ya kikomo hicho kwa makande na maharage ya mwezi mzima. Lakini weka friji, weka birika la umeme, na kikomo kinavukwa. Mtu anarudi kwenye mkaa kwa hesabu sahihi kabisa. Kama kuna jambo moja la kubadilisha, ni hilo: kikomo cha 75 kiliwekwa kwa kufikiria taa, hakikufikiria chungu. Kuhusu sola ya juu ya paa, ambayo wengi wanaiona ndiyo njia ya kumkwepa TANESCO, inafaa sana kwa taa na simu kwenye vitongoji ambako nguzo hazijafika. Kuivishia makande kunadai betri na vifaa ambavyo bei yake inazidi mbali shilingi 27,000 za kuunganishiwa umeme kijijini.

Bado kuna mahali pamoja ambapo mpango wa kuchagua ungekuwa na maana huku huku. Mwaka 2008, palepale Hale, ulizinduliwa mtambo wa biogesi unaotumia mabaki ya mkonge, wenye uwezo wa kilowati 150. Nyuzi za mkonge ni kama asilimia mbili tu ya uzito wa mmea. Mengine ni maji na mabaki ya kijani yanayotupwa na kuoza, yakitoa gesi bure angani. Kilowati 150 ni kama sehemu moja ya 450 ya mtambo mpya wa Pangani, lakini mabaki hayo hayangoji mvua ya Kilimanjaro, na mashamba yapo Korogwe, Muheza na Handeni. Tangu mwaka huohuo wa 2008 wazalishaji wadogo, wasiozidi megawati 10, wana mkataba wa mfano wa kuiuzia TANESCO. Kiwanda cha sukari cha TPC Moshi, kwenye bonde hilihili la Pangani, kimeuza umeme wa mabaki ya miwa. Na njia ya kukusanya fedha ipo. Soma risiti ya LUKU: chini ya tarakimu 20 za tokeni kuna VAT, EWURA asilimia moja, REA asilimia tatu. Mstari ule wa REA ndio unaopeleka nguzo vijijini, na kila anayenunua yuniti anauchangia bila kuulizwa. Mstari mwingine wa hiari, wa shilingi chache, unaotaja jina la shamba na idadi ya kilowati zitakazojengwa, ungepita kipimo cha Schönau.