Amana na Siri ya Kazi: Nadharia Tatu za Maadili Zikipimwa kwa Kisa Kimoja

Kusudi la makala haya ni kuzilinganisha nadharia tatu za maadili ambazo aghalabu hufundishwa katika vyuo vikuu, yaani nadharia ya manufaa, nadharia ya wajibu na nadharia ya fadhila, kisha kuzipima kwa kisa kimoja cha kazini. Mara nyingi nadharia hizi huelezwa moja baada ya nyingine, kila moja ikitajiwa sifa na dosari zake, na msomaji akaachwa achague kama mtu achaguaye kitambaa dukani. Njia hiyo haitoshi. Thamani ya nadharia ya maadili hujulikana inapomkabili mtu mwenye mwajiri, mshahara na jamaa wanaomtegemea, naye hana budi kuamua. Tutaonyesha pia kwamba lugha ya Kiswahili ina neno ambalo laweza kuzisaidia nadharia hizo pale zinapokwama.

1. Kisa Chenyewe

Mwaka 1990 Serikali ya Kenya ilikubali kuilipa kampuni ya Goldenberg International fidia kwa ajili ya dhahabu na almasi ambazo ingeziuza nchi za nje. Sheria iliruhusu fidia ya asilimia 20. Kampuni hiyo ilikubaliwa asilimia 35. Yafaa ikumbukwe kwamba Kenya haikuwa na machimbo ya almasi, na dhahabu yake ilikuwa haba. Hati za malipo zilipita katika Benki Kuu, na miongoni mwa makarani waliozishika alikuwamo kijana aliyeitwa David Munyakei. Alipoona kwamba hesabu haziingii akilini, alitoa nakala za hati, zikawafikia wabunge wa upinzani, na mwaka 1993 jambo likawa wazi kwa umma. Mwaka uo huo alikamatwa na kushtakiwa chini ya sheria ya siri za serikali. Mashtaka yaliondolewa baadaye, lakini kazi aliipoteza. Tume ya uchunguzi chini ya Jaji Samuel Bosire iliundwa mwaka 2003. Mwaka uliofuata shirika la Transparency International lilimpa Munyakei tuzo ya uadilifu. Alifariki mwaka 2006, hali hajarudishwa kazini.

Swali letu ni hili: je, karani aliyefungwa na siri ya kazi alikuwa na haki ya kuitoa?

2. Nadharia ya Manufaa

Nadharia hii iliwekewa msingi na Jeremy Bentham katika kitabu alichokitoa mwaka 1789, ikaendelezwa na John Stuart Mill mwaka 1861. Kwa mujibu wake, tendo jema ni lile liongezalo furaha na kupunguza maumivu kwa wote wanaohusika, kila mmoja akihesabiwa kuwa mmoja, wala hapana ahesabiwaye zaidi. Mill mwenyewe alikuwa mtu wa afisi: kuanzia mwaka 1823 hata 1858 aliajiriwa London na kampuni ya East India, akiandika barua za kuongoza utawala wa Bara Hindi. Hakuhitaji kuambiwa kwamba karatasi ya afisini huwagusa watu wasioionekana.

Tukiipima kesi yetu kwa mizani hiyo, jibu laelekea kuwa rahisi. Fedha za umma ni dawa za zahanati na mishahara ya walimu. Hasara ya karani mmoja, ijapokuwa ni kubwa kwake, ni ndogo ikilinganishwa na hasara ya taifa. Lakini mkubwa wa afisi naye aweza kuishika kalamu iyo hiyo akapata jumla nyingine: siri ikitoka, wakopeshaji wataogopa, shilingi itaanguka, na maskini ndio watakaoumia kwanza, kwa hiyo karani anyamaze. Hapa ndipo palipo udhaifu. Hesabu ya manufaa hutegemea mwenye kuipiga, na karani aliye mbele ya hati hana njia ya kujua matokeo yote kabla hayajatokea.

3. Nadharia ya Wajibu

Immanuel Kant, aliyefundisha Königsberg, alieleza mwaka 1785 kwamba thamani ya tendo haitokani na matokeo yake. Mtu na atende kwa kanuni ambayo angeridhia iwe sheria ya watu wote, wala asimfanye binadamu kuwa chombo tu cha kufikia haja yake. Kwa juu juu, nadharia hii yamtaka karani anyamaze, kwa kuwa ahadi ya kutunza siri ni ahadi. Lakini hebu tuichunguze kanuni ya upande wa pili: "Karani na aipitishe hati aijuayo kuwa ya uongo kila aamriwapo na mkubwa wake." Kanuni hiyo ikiwa sheria ya wote, sahihi na muhuri havitakuwa na maana tena, na benki haitakuwa benki. Kanuni yajivunja yenyewe.

Hata hivyo, kukataa kuipitisha hati ni jambo moja, na kuitangaza ni jambo jingine. Mwanafalsafa W. D. Ross aliliona tatizo hili mwaka 1930 alipoeleza kuwa wajibu ni nyingi, na kila mmoja hutufunga mpaka ukutane na mwingine ulio mzito zaidi. Maelezo hayo yanakubaliana na maisha, ila Ross hakutupa mizani ya kupimia uzito.

4. Nadharia ya Fadhila

Aristotle, aliyeishi karne ya nne kabla ya Kristo, hakuanza na tendo. Alianza na mtendaji. Fadhila hupatikana kwa mazoea, nayo hukaa kati ya kupungua na kuzidi: ushujaa uko kati ya woga na ujahili wa kujitosa. Fikira hii si ngeni kwetu. Neno adili limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya haki na usawa, na Shaaban Robert alimpa mhusika wake mmoja jina la Utubora, yaani utu na ubora kwa pamoja.

Kwa nadharia hii twatazama namna tendo lilivyotendwa. Munyakei alitoa hati, hakueneza uvumi. Nazo zilifika kwa wawakilishi waliochaguliwa na wananchi. Ushujaa wake ulikuwa na kiasi. Lakini mwajiriwa mpya ambaye hajapata kumwona mkubwa mwadilifu atajifunza mazoea hayo kwa nani?

5. Neno Amana

Amana ni kitu alichopewa mtu akitunze kwa niaba ya mwenyewe. Ndani ya neno hili mna pande tatu: mwenye mali, mtunzaji, na mali yenyewe. Mtunzaji hana ruhusa ya kuigawa mali hiyo, hata akiamriwa na mtunzaji aliye mkubwa kuliko yeye. Kinyume cha amana ni hiana.

Siri ya kazi, basi, ni tawi la amana. Hutunzwa kwa faida ya mwenye mali, naye katika Benki Kuu ni umma. Siri imfichayo mwenye mali kwamba mali yake yachukuliwa imekwisha kuwa hiana. Afisini mwetu neno mwaminifu, lililo la shina moja na amana, limezoea kuwa na maana ya mtu asiyembishia mkubwa wake. Maana imehama kutoka kwa mali ikamwendea bwana, na kuhama huko kumewagharimu wengi.

Tukianza kwa kuuliza amana ni ya nani, nadharia zote tatu zapata nguvu. Manufaa yatakayohesabiwa kwanza ni ya mwenye amana. Wajibu ulio mzito ni ule tulio nao kwake. Na fadhila itakiwayo ni uaminifu ulioambatana na ushujaa.

6. Matumizi Kazini

Kipimo hiki chafaa hata katika idara zetu. Karatasi ya mtihani kabla ya siku yake ni siri ya haki, kwa kuwa yawalinda watahiniwa wote. Ugonjwa wa mwenzetu uliotajwa katika kikao ni amana yake yeye. Lakini alama zilizobadilishwa usiku hazina mwenye kustahili kufichiwa.

Limebaki jambo moja ambalo nadharia hizi hazilisemi vya kutosha, nalo ni gharama. Zote zamwuliza mtu mmoja afanye nini. Hakuna iulizayo afisi imemwandalia nini. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 35, iliwapa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 ikaweka kinga kwa atoaye habari kwa maslahi ya umma. Kinga hizo zilikuja baada ya Munyakei kuzikwa. Wahenga walisema mtu ni watu. Kwa hiyo wajibu wa mwenye kusema kweli una wajibu mwenzake, ule wa wenziwe kutomwacha peke yake. Afisi ambayo uadilifu wa kawaida wahitaji shujaa ndani yake imekwisha kuivunja amana, hata kabla karani hajaiona hati ya kwanza.